Tunapotafuta Hidrojeni kwa Mazoea ya Gesi Asilia

Mheshimiwa mwenyekiti, wahandisi wenzangu, waendeshaji wa vyumba vya udhibiti, na ninyi maafisa wa zimamoto ambao kwa kawaida huitwa wakati sisi tumekwisha kuchelewa: nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kugundua na kukabili uvujaji katika mabomba ya hidrojeni yaliyofukiwa ardhini. Ningeweza kuanza na vifaa, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa na ndivyo vinavyojaza vipeperushi, lakini naomba nianze na pua.

Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia ilivuja chini ya sakafu ya shule, ikajikusanya humo bila mtu kuinusa, kisha ikalipuka dakika chache kabla ya wanafunzi kuruhusiwa kwenda nyumbani. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Gesi ile haikuwa na harufu yoyote, na baada ya msiba huo sheria zikaanza kulazimisha gesi itiwe viungo vya salfa vinavyonuka vibaya, ili hata asiyejua lolote kuhusu mabomba aweze kutambua kwamba kuna jambo. Tangu hapo, mtu wa kwanza kugundua uvujaji mitaani mara nyingi amekuwa mpita njia aliyesimama akauliza, "Mbona hapa kunanuka?" Tukumbuke kwamba utaratibu mzima wa dharura tuliourithi kutoka kwenye gesi asilia, tangu namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo hadi fundi wa zamu anayekuja na kijaribio mkononi, umesimama juu ya pua ya mtu huyo.

Hidrojeni safi humwacha mtu huyo bila kazi. Haina harufu, haina rangi, wala haina ladha, na kuitia harufu si jambo rahisi kama wengi wanavyodhani. Viungo vya salfa huharibu vichocheo vya platini vilivyomo katika seli za fueli, yaani vifaa vinavyogeuza hidrojeni kuwa umeme, kwa hiyo bomba linalolisha seli hizo haliwezi kubeba viungo hivyo bila kuvisafisha tena mwishoni mwa safari. Tena molekuli za harufu ni nzito mara nyingi kuliko molekuli ya hidrojeni, hivyo gesi ikipenya kwenye udongo wa mfinyanzi, harufu hunaswa na udongo huku gesi ikiendelea na safari yake. Jambo hilo la udongo kuchuja harufu limekwisha kuonekana hata kwenye gesi asilia, na watu wamelipia.

Ninalotaka kulisema leo, basi, ni hili. Hidrojeni si jini. Binadamu wameisafirisha kwa mabomba tangu mwaka 1938, ulipoanza mtandao wa eneo la Rhine na Ruhr huko Ujerumani, na leo mabomba yake duniani yana urefu wa kilomita elfu kadhaa, zaidi ya nusu yakiwa Marekani, hasa kwenye pwani ya Texas na Louisiana. Gesi ya makaa ya mawe iliyowasha taa za miji ya karne ya kumi na tisa ilikuwa na hidrojeni karibu nusu, na gesi ya majumbani huko Hong Kong ina kiasi kama hicho hata sasa. Kinachonitia wasiwasi ni mazoea. Tunakwenda kutafuta hidrojeni kwa vifaa, kwa hesabu na kwa silika tulizozipata kwenye methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, na karibu kila moja ya hizo, kwa wakati wake, itatudanganya.

Nianze na chumba cha udhibiti, kwa sababu huko ndiko tunakojidanganya kwa utulivu zaidi.

Njia ya kawaida ya kugundua uvujaji kwenye bomba refu ni hesabu ya kinachoingia na kinachotoka. Mita ya mwanzo inasema tumeingiza kiasi hiki, mita ya mwisho inasema tumepokea kiasi kile, programu inasahihisha kiasi kilichobaki ndani ya bomba kwa kuangalia shinikizo na halijoto, na tofauti ikizidi kiwango fulani kengele inalia. Mfumo mzuri, uliosanifiwa vizuri na kutunzwa vizuri, huweza kuona tofauti ya takriban asilimia moja ya mtiririko. Asilimia moja inasikika kama kitu kidogo cha kujivunia, lakini tuitafsiri kuwa tundu tunaloweza kulishika kwa vidole.

Chukueni bomba lenye kipenyo cha ndani cha nusu mita, shinikizo la bar 70, yaani karibu mara 70 ya shinikizo la hewa ya kawaida, gesi ikienda kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Katika hali hiyo kila mita ya ujazo ya hidrojeni ina uzito wa takriban kilo tano na nusu, kwa hiyo bomba linabeba karibu kilo 11 kila sekunde, na asilimia moja yake ni gramu 110. Tundu linaloweza kutoa gramu 110 kwa sekunde kwa shinikizo hilo lina kipenyo cha milimita sita hivi, yaani jembamba kidogo kuliko penseli. Maana yake ni kwamba kila tundu jembamba kuliko penseli liko chini ya mstari wa kengele, na mwendeshaji anayetazama skrini yake usiku kucha ataona mstari ulionyooka, atakunywa chai yake, na atamkabidhi mwenzake zamu akiandika kwamba hali ni shwari. Tundu la milimita moja tu, ambalo huwezi kupenyeza hata kijiti cha kibiriti, linatoa karibu gramu tatu kwa sekunde, ambazo kwa siku nzima ni takriban kilo 250, au mita za ujazo 3,000 zikipimwa kwenye hewa ya kawaida. Kwa mita za mtiririko uvujaji huo ni asilimia 0.03, na hakuna programu itakayouona.

Wapo wanaosema: tufunge valvu za pande zote mbili, tuache bomba litulie, tuangalie kama shinikizo linashuka. Ni jaribio zuri, nami nalipenda, ila tulipigie hesabu kabla ya kulitegemea. Kipande cha kilomita 30 cha bomba hilohilo kina hidrojeni takriban tani 33. Tundu la milimita kumi litashusha shinikizo kwa bar mbili hivi kila saa, na hilo utaliona kabla hujamaliza kuandika ripoti. Tundu la milimita moja litashusha nusu bar kwa siku nzima. Sasa gesi iliyofungwa ndani ya bomba ikipoa kwa nyuzi mbili tu kuelekea joto la udongo, shinikizo litashuka kwa kiasi hichohicho cha nusu bar bila tone moja kuvuja. Asiyekuwa na vipimajoto vya kuaminika kwenye kipande hicho hawezi kutofautisha uvujaji na ubaridi.

Njia ya pili ni kusikiliza mshtuko wa shinikizo. Bomba linapopasuka ghafla, wimbi la mshuko wa shinikizo husafiri kuelekea pande zote mbili kwa kasi ya sauti, na vihisi vya miisho miwili vinapolipokea kwa nyakati tofauti, tofauti hiyo ya muda inatuambia mpasuko uko wapi. Kwenye methani kasi hiyo ni mita 400 na kidogo kwa sekunde. Kwenye hidrojeni ni takriban mita 1,300. Mtu anaweza kufurahi kwamba habari itafika mapema, na kweli itafika mapema, lakini saa za vihisi vikipishana kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, kosa la mahali litakuwa mita 65 badala ya mita 20 na ushei. Waulizeni mafundi wanaochimba tofauti ya mita 20 na mita 65 ni nini, hasa pakiwa chini ya barabara ya lami. Kwa hiyo anayehamisha mfumo huo kutoka gesi asilia kwenda hidrojeni bila kubadilisha saa na kasi ya usomaji wa vihisi amenunua kengele inayolia mapema na kuelekeza pasipo.

Halafu kuna faiba, ambayo siku hizi ndiyo kipenzi cha kila mkutano. Uzi wa kioo ukizikwa kando ya bomba na kupitishiwa mwanga wa leza, unaweza kusikia mtikisiko na kupima joto kwenye kila mita chache kwa makumi ya kilomita. Mimi pia naipenda, na sababu kubwa ni kwamba inamsikia mwenye katapila kabla jino la katapila halijagusa bomba. Kuchimbiwa na watu wengine ni miongoni mwa sababu za juu kabisa za kuharibika kwa mabomba ya gesi, na uvujaji ulio rahisi kuliko wote kuukabili ni ule ambao haujatokea. Lakini kwenye joto kuna mtego. Methani inapotoka kwenye shinikizo kubwa na kutanuka, hupoa, na mafundi wa gesi asilia wamezoea kutafuta doa la ubaridi kwenye faiba, au hata nyasi zilizoganda barafu juu ya bomba. Hidrojeni katika joto la kawaida hufanya kinyume: ikitanuka, hupata joto kidogo. Programu iliyofundishwa kutafuta baridi italipita doa la joto kimyakimya, na mwenye programu atasema mfumo wake haukukosea.

Sasa tutoke chumbani tuingie udongoni, mahali ambapo naomba tukae kidogo.

Wengi wetu tunasema hidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja itapaa na kupotea. Maneno hayo ni ya kweli juu ya ardhi, uwanjani, penye upepo. Chini ya ardhi gesi haipai, inatafuta njia. Mchanga mkavu utaipitisha moja kwa moja hadi juu, na pengine hutakuwa na tatizo kubwa zaidi ya hasara. Lakini mvua ikinyesha, vinyweleo vya udongo vikajaa maji, au juu pakiwa na lami, zege au sakafu, gesi haina budi kwenda kando. Na chini ya miji yetu kando kumejaa njia: changarawe iliyotandazwa chini ya bomba la maji, mfereji wa kebo za simu uliofukiwa kwa mchanga laini, bomba la zamani lililoachwa, mtaro wa maji taka wenye maungio yaliyolegea. Gesi hufuata njia hizo kama maji yafuatavyo mkondo, mita kumi, mita hamsini, hadi inapokutana na tundu ambamo kebo inaingia kwenye jengo, nayo ikaingia pamoja na kebo. Kwa hiyo mahali inapoonekana si lazima pawe mahali inapovujia, na jengo lililo hatarini zaidi si lazima liwe lile lililo karibu na bomba.

Kuna jambo jingine la udongoni ambalo kwangu ni la ajabu na la kufurahisha, ingawa linatupa taabu. Ndani ya udongo wamo bakteria wanaokula hidrojeni. Wao ndio wanaofyonza sehemu kubwa ya hidrojeni inayoondoka angani kwa mwaka, wakisaidia kuibakiza hewani kwenye takriban nusu ya sehemu moja kwa milioni. Uvujaji mdogo sana unaweza kuliwa na viumbe hao kabla haujafika juu, kiasi kwamba mtu anayetembea juu ya bomba na kifaa chake anasoma sifuri. Leo anasoma sifuri kwa sababu bakteria wanaumudu. Tundu likikua, au gesi ikipata ufa wa kupitia, sifuri hiyo itabadilika kwa siku moja. Ndiyo maana nashauri kwamba anayekagua asiishie kuupitisha mrija juu ya nyasi. Atoboe vishimo vya kina cha nusu mita au zaidi kwa msumari mrefu, kwa mpangilio, baada ya kuhakikisha hatapiga kebo wala bomba, kisha apime ndani ya vishimo hivyo, afungue chemba zote zilizo jirani na kupima humo pia, na aandike kila kipimo hata kama ni sifuri, kwa sababu ramani ya sifuri ndiyo itakayomwonyesha mipaka ya wingu la chini.

Kuhusu kifaa kilicho mkononi, nitataja makosa matatu ninayoyaogopa kuliko mengine.

Kosa la kwanza ni kutumia macho ya methani. Magari yenye leza, kamera za kuonyesha gesi, na vifaa vya mkononi vinavyoelekezwa kwenye bomba kutoka mbali vyote hutegemea kwamba methani hufyonza mwanga wa infraredi. Molekuli ya hidrojeni, yenye atomu mbili zinazofanana, kwa kawaida haifyonzi mwanga huo. Kifaa kinachogharimu fedha nyingi kitapita juu ya uvujaji mkubwa wa hidrojeni na kuonyesha anga safi, bila hata taa ya hitilafu kuwaka, kwa kuwa kifaa hakina hitilafu.

Kosa la pili ni la kihisi cha kuunguza, kile chenye ushanga wa kichocheo, ambacho huchoma gesi kidogo ndani yake na kupima joto linalopatikana. Hicho kinaiona hidrojeni vizuri, lakini kinahitaji oksijeni ili kiunguze. Kikishushwa ndani ya kishimo au chemba ambamo hidrojeni imefukuza hewa, kitasoma kidogo palepale panapostahili kusoma kingi. Ndani ya matundu kama hayo kipimo cha upitishaji joto hufaa zaidi, kwa sababu hidrojeni hupitisha joto takriban mara saba kuliko hewa na kifaa hicho hakihitaji oksijeni. Basi beba vyote viwili, na upime oksijeni kabla ya kuamini chochote.

Kosa la tatu nimelishuhudia mwenyewe kwenye zoezi. Afisa wa zimamoto alikuwa na kifaa cha gesi nne kifuani, kile kinachopima gesi nne kwa pamoja, kaboni monoksidi ikiwemo, kama ilivyo kawaida. Tulipofungulia hidrojeni kidogo, kifaa kikapiga kelele na kuandika kaboni monoksidi. Akageuka akaniambia kuna kitu kinafuka moshi mahali fulani, tutafute injini inayowaka. Hakukuwa na injini wala moshi. Kihisi cha kikemikali cha kaboni monoksidi huitikia hidrojeni pia, na kisipokuwa na kichujio cha kufidia hakina njia ya kukuambia kimeona nini. Naomba kila afisa aliyemo humu aondoke na sentensi hii: karibu na bomba la hidrojeni, kengele ya kaboni monoksidi isiyo na moto wala injini ichukuliwe kuwa ni hidrojeni hadi ithibitishwe vinginevyo.

Nimefika kwenye kukabili. Hidrojeni huwaka ikiwa katika hewa kwa kiasi cha kuanzia asilimia 4 hadi 75, wakati methani huacha kuwaka inapozidi asilimia 15 hivi. Cheche inayoiwasha kwa urahisi zaidi ni ya milijuli 0.02, chini ya sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajika kwa methani. Umeme tuli wa mtu aliyevua koti la nailoni unazidi hapo kwa mbali. Kwa hiyo fundi anayefika eneo la tukio akiwa amezima injini mita mia nyuma, amevaa nguo za kuzuia umeme tuli, na ameiacha simu yake garini, hafanyi mbwembwe.

Hatua ya kwanza ni valvu, na hapa nina lalamiko. Katika zoezi moja nililowahi kuhudhuria, mwendeshaji aliona dalili ndani ya dakika tatu. Akampigia msimamizi, msimamizi akampigia meneja, meneja akataka kujua mteja mkubwa wa upande wa chini atapata hasara gani, na valvu ikafungwa dakika arobaini baadaye. Hakuna teknolojia itakayofidia dakika hizo. Mtu aliyekaa mbele ya skrini apewe kwa maandishi mamlaka ya kufunga bila kuomba ruhusa, na asiadhibiwe akifunga kwa tahadhari isiyo na kitu. Kampuni isiyoweza kutia saini karatasi hiyo isijisumbue kununua vihisi.

Hatua ya pili ni kukumbuka kwamba kufunga si kumaliza. Zile tani 33 bado zimo. Kwenye tundu la milimita kumi zitaendelea kutoka kwa zaidi ya siku nzima, zikipungua polepole, isipokuwa tuzitoe kwa makusudi kupitia bomba la kupumulia lililo mbali na watu. Na bomba hilo la kupumulia lenyewe linaweza kushika moto bila cheche tunayoiona, kwa hiyo lipangwe kama kwamba litawaka: urefu wake, mahali lilipo, na nani anasimama wapi. Wakati huo eneo lizungushiwe uzio. Mwongozo wa dharura unaotumika Amerika ya Kaskazini kwa gesi za aina hii unataka kuanza na mita 100 kila upande, na kwa uvujaji mkubwa kufikiria kuhamisha watu hadi mita 800 upande upepo unakoelekea. Ni mahali pa kuanzia kabla vipimo havijapatikana, na kwa gesi iliyopita chini ya ardhi namba hizo hazikuambii lolote kuhusu mtaro wa maji taka, ambao haujali upepo. Majengo yaliyounganishwa na mtaro huo yakaguliwe mapema, ya mbali pamoja na ya karibu. Anayekagua aanze kupimia mlangoni, kisha dari, kwa kuwa ndani ya chumba hidrojeni hukaa juu. Swichi ya taa isiguswe, iwe kuwasha au kuzima.

Hatua ya tatu inawasumbua sana wenzetu wa zimamoto, nami nawaelewa: hidrojeni inayowaka isizimwe kabla chanzo hakijafungwa. Moto uliozimwa huku gesi ikiendelea kutoka humwacha kila mtu akizungukwa na mchanganyiko unaosubiri kuwashwa tena, safari hii kwa mlipuko. Kipoozwe kilicho jirani kwa maji, gesi iachwe iishe. Tatizo ni kujua moto wenyewe uko wapi. Mwali wa hidrojeni safi mchana ni bluu hafifu mno, hauna masizi, hautoi moshi, na kwa sababu unatoa joto kidogo la mnururisho mtu anaweza kuukaribia bila uso kumwonya. Kamera ya joto itauona, na vihisi vya urujuanimno pia. Pasipokuwa na kamera, iko njia ya zamani iliyotumiwa hata na mafundi wa roketi: fagio. Unashika fagio la majani makavu lenye mpini mrefu, unalinyoosha mbele yako, unatembea taratibu. Nimelishika mwenyewe. Unaona hewa tupu, unaona ncha za majani, halafu ncha zinakuwa nyekundu na kufupika kana kwamba kuna mtu anazikata, na kabla hujaelewa fagio linawaka moto wa njano kutokana na kitu ambacho hakipo. Mwali ulikuwa na urefu wa mkono wangu. Nisingekuwa na fagio ningeupitia kwa kifua.

Baada ya hapo yako matengenezo, ambayo ni somo la siku nyingine, ila niseme neno moja. Atomu za hidrojeni hupenya ndani ya chuma na kuzifanya nyufa zilizomo zikue haraka zaidi kila shinikizo linapopanda na kushuka, hasa kwenye vyuma vigumu na kwenye sehemu za kuchomelea zilizokakamaa. Kwa hiyo ukipata ufa mmoja wa aina hiyo, usishangilie kwamba umeupata. Kipande kilichochomelewa siku ileile, na fundi yuleyule, kwa waya uleule, kinastahili kupimwa kabla gesi haijarudishwa. Na kabla ya mtu kuwasha mashine ya kuchomelea, bomba lioshwe kwa nitrojeni na lipimwe katika miisho yote, kwa kuwa kiwango cha asilimia 4 ni kidogo sana kukikadiria kwa matumaini.

Mtu aliniuliza wakati wa mapumziko kama tundu la milimita moja shambani, mbali na nyumba, lina haja ya kusumbuliwa. Lina haja. Kwanza kwa sababu halitabaki milimita moja. Pili, hidrojeni inayofika angani hurefusha maisha ya methani iliyoko huko, na makadirio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba kwa kipindi cha miaka 100 kila kilo yake huongeza joto la dunia kiasi cha mara 12 hivi ya kilo ya kaboni dioksidi. Tunayajenga mabomba haya kwa jina la kupunguza joto hilo. Ni aibu kidogo kulirudisha kwa mlango wa nyuma.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, na uwanjani wametandika bomba la majaribio lenye valvu mbili. Watakaokwenda kushika fagio waache simu, vibiriti na makoti ya nailoni kwenye kikapu kilicho karibu na mlango, waje watano watano, na wasimame nyuma ya mstari wa njano hadi nitakapomwita mmoja mmoja. Maafisa wenye vifaa vya gesi nne waje navyo, tuone vitaandika nini.